Mtandao Unasumbua

Kwa miaka yangu minne ya kwanza kwenye kazi hii nilikuwa na jibu moja. Mafaili ya Kondoa hayajafika? Mtandao unasumbua. Picha za droni zimeingia nusu? Mtandao unasumbua. Bosi anatafuta mchoro wa jana, kwenye seva anaukuta wa wiki iliyopita? Bosi, leo mtandao unasumbua kweli kweli. Raha ya jibu hili ni kwamba hakuna anayebisha. Nani hajawahi kupanga foleni dirishani nusu siku, akafika mbele, akaambiwa hayo hayo na kurudi nyumbani kimya?

Ofisi yetu ni ya upimaji ardhi, ndogo tu, iko Area C hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, kazi ya viwanja haijalala: Nzuguni, Ihumwa, Mtumba, Makulu, kote huko vijana wetu wamechomeka bikoni. Wanatoka alfajiri na GPS na droni, wanarudi jioni nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, wanamwaga mzigo wa picha kwenye kompyuta. Tawi moja lipo Kondoa, kama kilomita 160 kaskazini. Jingine lipo Manyoni, njia ya Singida. Kazi yangu ni kuhakikisha kilichopimwa kule kinaonekana huku bila mtu kupanda basi na flashi mfukoni. Wataalamu wa lugha wanasema kulandanisha mafaili. Sisi ofisini tunasema kusinki, na sioni kama kuna atakayetubadilisha.

Chombo ninachokitumia zaidi ni rsync. Walioiandika ni Waaustralia wawili, Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakaitoa mwaka 1996. Ukisoma maelezo yao ya mwaka ule, kuna jambo la kumwaibisha mtu mwenye jibu kama langu: wanasema wameitengeneza kwa ajili ya laini dhaifu, yenye nafasi ndogo na inayochelewa. Faili likibadilika kidogo, halitumwi zima. Pande mbili zinalinganisha vipande vyake, kinasafiri kile tu ambacho upande wa pili hauna. Yaani chombo kilizaliwa kwenye mtandao unaosumbua. Mimi nimenunua jembe, halafu nalalamika kwamba ardhi ni ngumu.

Lililonifumbua macho ni la Kondoa.

Tawi lile linatumia umeme wa sola. Dogo anayesimamia mashine anazima kila kitu saa tatu usiku ili betri zisife mapema. Tukakubaliana kwa simu kwamba mafaili yaondoke yenyewe kila siku saa mbili usiku, mashine ikiwa bado ina saa nzima ya uhai. "Nimekuelewa kaka, saa mbili usiku." Akaiandika kwenye cron, ile programu inayoamsha kazi kwa ratiba, tukaagana.

Wiki mbili hakikuja kitu. Nikamwambia bosi ni mtandao. Nikamshawishi tununue laini ya pili ya kampuni nyingine ya simu, tukainunua, hakikuja kitu. Dogo naye kila asubuhi ananihakikishia kwamba intaneti iko vizuri, anaangalia hata mpira. Siku ya kumi na tano, baada ya kukosa la kusema, nikamwambia afungue ile ratiba anisomee neno kwa neno.

"Sifuri, mbili, nyota, nyota, nyota."

Nikanyamaza.

"Kaka, upo?"

"Nipo. Hiyo mbili ni ya nini?"

"Si ulisema saa mbili usiku?"

Nilisema. Na yeye aliandika nilichosema. Ila sisi saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza, na ya usiku inaanza likizama. Mashine inaanza kuhesabu katikati ya usiku wakati watu wamelala. Mbili yake ni saa nane za usiku kwetu. Saa hiyo mashine ya Kondoa imezimwa tangu zamani, na cron ya kawaida hairudi nyuma kufanya kazi iliyopitwa. Ikiamka asubuhi, inasubiri saa nane nyingine, ambayo nayo itaikuta imelala.

Nikamwambia aweke ishirini. Kesho yake, kimya. Nikaona sasa nimerogwa. Nikamwambia aandike amri ya date tu, anisomee saa. Kumbe mashine ile haikuwa imewekwa kwenye saa zetu kabisa, ilikuwa kwenye UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa masaa matatu. Ishirini ya kwake ilikuwa saa tano usiku ya Kondoa. Tukabadilisha ukanda wa saa kuwa Africa/Dar_es_Salaam (mji mkuu umehama, lakini kwenye orodha ya kompyuta Dodoma bado haimo), na hapo pia nusura tukwame, kwa sababu cron iliyokwisha kuwaka inaendelea kushika ukanda wa zamani mpaka uizime na kuiwasha. Usiku wa tatu nilikaa sebuleni na laptopu mapajani. Saa mbili na dakika moja, faili la kwanza la Kondoa likatokea.

Ile laini ya pili ipo bado. Bosi huwa anauliza inafanya kazi gani.

Tangu hapo saa za seva nazitaja kwa mtindo wa mashine, na anayenisikiliza lazima anirudishie kwa Kiswahili cha kawaida: "Ishirini na moja, yaani saa tatu usiku." Wanaona nawachosha.

La pili nililitengeneza mwenyewe, kwa mbwembwe. Nilitaka kila anayeingia kwenye seva ya Dodoma apokewe kwa salamu ya wenyeji, kwa hiyo nikafungua .bashrc ya akaunti tunayoitumia wote, faili linalosomwa kila mtu anapoingia, nikaandika juu kabisa, mstari wa kwanza, kwamba ichapishe neno Mbukwa. Vijana walifurahi. Mmoja ambaye ni Mgogo wa Mpwapwa alipiga picha kioo akairusha kwenye kundi la familia.

Usiku ule matawi yote mawili yakafa. Ujumbe wa kosa ulisema toleo la itifaki halilingani, na baada ya kistari ukauliza kama shell yangu, ile programu inayopokea amri, ni safi. Mimi nikasoma nusu ya kwanza. Toleo halilingani? Basi ni toleo. Nikaipandisha rsync Dodoma, nikampandishia dogo Kondoa, nikampandishia na wa Manyoni, Jumamosi nzima ikaishia hapo. Jioni kosa ni lile lile, na lile swali la usafi wa shell bado liko pale, limekaa tu, linanisubiri.

Rsync ya matawi inapita ndani ya SSH, njia salama ya kuingilia kompyuta iliyo mbali. Inapofungua mlango upande wa pili, kitu cha kwanza inachotarajia kusikia ni namba ya toleo la itifaki. Badala ya namba, seva yangu yenye adabu ikawa inajibu: Mbukwa. Mashine ikajaribu kuisoma salamu kama namba, ikaona ni namba ya ajabu, ikakata. Kulijua hili hakuhitaji utaalamu wowote. Kutoka mashine ya tawi unaandika ssh, jina la seva, true, halafu matokeo unayapitisha kwenye wc -c inayohesabu herufi. Amri ya true haisemi kitu, kwa hiyo jibu liwe sifuri. Mimi nilipata 7. Nilikaa naitazama ile saba kwa muda kabla sijahesabu kwa vidole: M, b, u, k, w, a, na alama ya kwenda mstari mpya.

Kwenye Ubuntu, aina ya Linux inayoendesha seva yetu, faili lile lina mistari karibu na juu inayosema kwamba kama hakuna binadamu kwenye kibodi, ishia hapa. Nilikuwa nimeiweka salamu juu ya mistari hiyo. Nikaishusha chini yake. Bado ipo, inasalimia watu tu.

Manyoni ndiko mtandao ulikosumbua kweli, na hata huko nao haukuwa mkosaji wa kwanza.

Wapima wakimaliza kurusha droni, picha mia kadhaa zinaunganishwa kuwa picha moja kubwa ya anga ambayo mpimaji anachora mipaka juu yake. Ile ya Manyoni ilikuwa na GB 6 na ushee. Tawi lile lilikuwa linatumia bando la simu. Bando la mwezi likaisha kabla ya tarehe kumi na mbili, na picha haijafika. Tukaongeza, likaisha tena. Kijana wa Manyoni akaanza kushukiwa kwamba anaangalia filamu, na mimi, Mungu anisamehe, sikumtetea.

Usiku mmoja nikaamua kukaa na seva nione kinachotokea. Nikaingia kwenye folda ya Manyoni nikaorodhesha kila kitu, pamoja na mafaili yaliyofichwa. Likawepo faili ambalo sijawahi kuliona: jina lake linaanza na nukta, linafuata jina la ile picha, linaishia na herufi sita zisizo na maana yoyote. GB 1.2. Nikaorodhesha tena, 1.3. Nikachemsha chai. Saa tano usiku limefika 2.9. Saa sita kasoro, 3.1, likasimama. Mawasiliano ya Manyoni yamekatika. Dakika chache baadaye nikaorodhesha tena na faili halipo. Halijawa kubwa, halijawa dogo. Halipo.

Hivyo ndivyo rsync inavyofanya usipoiambia vingine. Faili likikatika njiani, nusu iliyofika inatupwa, isije ikadhaniwa ni faili zima. Ni tabia njema, ila kwa mtu mwenye faili la GB 6 na mtandao unaokata kwenye 3, maana yake ni kwamba kila usiku unanunua GB 3 za hewa. Kesho unaanza sifuri. Kijana wa watu hakuangalia filamu hata moja. Nilimpigia asubuhi kumwomba radhi, akasema, "Haina shida kaka," kwa ile sauti ya mtu ambaye shida anayo.

Dawa ni chaguo linaloitwa --partial-dir, unalolitajia folda ya kuwekea nusu nusu, ili kesho iendelee kutoka ilipoishia. Nikaongeza na --timeout ya sekunde 120, kwa sababu bila hiyo mawasiliano yakifa kimya kimya programu inaweza kukaa inasubiri mpaka asubuhi, na ya usiku unaofuata ikaanza juu yake, zikawa mbili zinagombania faili moja. Ile picha ya GB 6 iliingia kwa usiku mitatu.

Baada ya hapo bando likatulia kwa mwezi na nusu, kisha likakombwa tena kwa siku mbili. Safari hii mtu alikuwa amebadilisha tu jina la folda, kutoka "Manyoni" kuwa "Manyoni MPYA". Machoni pa rsync hilo si kubadilisha jina. Folda ya zamani imekufa, nyingine imezaliwa na kila kilichomo kinatakiwa kusafirishwa upya. Sasa kuna karatasi ukutani matawi yote mawili, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, kwamba folda ikishapewa jina inakufa nalo.

Mengine nitayapitia mbio. Diski ya kubebea tuliyokuwa tunanakilia kila Ijumaa ilikuwa na mfumo wa FAT32, ambao unaandika muda wa faili kwa kuruka sekunde mbili mbili, wakati seva inaandika kwa usahihi mkubwa zaidi. Rsync ikiona muda haulingani inasema faili limebadilika, inalinakili upya, kwa hiyo kila Ijumaa tulikuwa tunanakili kama siku ya kwanza. Chaguo la --modify-window=1 likamaliza hilo, lakini FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, kwa hiyo mwishoni tuliifuta diski yote tukaiweka mfumo wa Linux. Majina yenye nukta mbili, kama "Kiwanja 12: mpaka", Linux inayapenda, Windows inayakataa. Na lile kosa namba 23 la rsync. Mstari wa mwisho unasema baadhi ya mafaili hayakuhamishwa, angalia makosa yaliyotangulia. Yaliyotangulia! Mimi kwa miaka nilikuwa nasoma mstari wa mwisho tu. Juu yake, mistari mia mbili nyuma, ndipo palipoandikwa jina la faili na sababu, na mara nyingi sababu ni kwamba kuna mtu, yaani mimi, alilinakili kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine, na sasa mmiliki wake ni huyo msimamizi, root.

Mzee wa michoro nitamweleza vizuri, kwa sababu alikuwa na haki na hakuna aliyemsikiliza.

Ana zaidi ya miaka sitini, na viwanja vya mji huu amevipima Kisasa ikiwa bado ni miiba. Alikuja mezani kwangu akiwa ameikumbatia laptopu kama mtu anayempeleka mtoto kliniki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bwana, hiki kitu chenu kinakula kazi zangu."

"Kinakulaje, mzee?"

"Nachora nyumbani usiku. Nikifika hapa asubuhi, mchoro ni wa yule kijana. Wangu haupo. Wa kwake hauliwi, ni wangu tu."

Kwa michoro hatutumii rsync, kwa sababu rsync ni barabara ya njia moja na michoro inarekebishwa na watu kadhaa. Tunatumia Syncthing, ambayo inapeleka na kurudisha. Watu wawili wakigusa faili moja kabla mashine zao hazijaonana, Syncthing haijaribu kuzichanganya kazi zao. Inaacha moja na jina lake, nyingine inaibadilisha jina kwa kuichomekea neno sync-conflict na tarehe. Inayobadilishwa jina ni ile ambayo muda wake ni wa zamani zaidi.

Nikafungua folda nikatafuta neno hilo. Yakatoka mafaili kumi na tisa, yote ya mzee, na yote yalionyesha kwamba yamechorwa Januari 2015.

Betri kubwa ya laptopu yake ilikuwa imekufa, inafanya kazi ikiwa kwenye umeme tu. Betri ndogo ya kitufe, inayoshikilia saa, nayo imekufa. Kwa hiyo kila akichomoa waya kwenda nyumbani, saa inarudi kiwandani. Kwake hana intaneti ya kuirekebisha. Anachora usiku wa leo, mashine inaandika 2015. Akifika ofisini saa inajirekebisha, lakini muda wa faili umeshaandikwa, na mbele ya mchoro wa kijana wa juzi, kazi ya mzee ya jana usiku inaonekana ina umri wa mtoto wa shule. Inashindwa kila siku.

"Mzee, hukuona kwamba saa hapa chini inakosea?"

Akavuta mkono wa shati, akanionyesha saa yake ya mkononi. "Niiangalie ya nini? Mimi ninayo yangu."

Nilimtolea mafaili yake yote kumi na tisa, moja baada ya jingine. Ile betri ya kitufe niliinunua mjini siku hiyo hiyo, kwa hela isiyofika ya sahani ya wali. Alipoona mchoro wa eneo la Ihumwa aliokuwa ameshaurudia mara mbili, hakusema kitu, aliguna tu, akavaa miwani.

Sasa Agosti.

Anayekaa Dodoma anaujua upepo wa Agosti, ule unaoingia hata pale ulipoziba kwa tambara. Siku ile umeme ulikatika saa saba mchana, ukarudi, ukakatika, ukarudi tena, na betri ya akiba ya seva ilikuwa imezeeka, ikashindwa kwenye mkato wa tatu. Seva ikazimika na kuwaka yenyewe. Nikaipitia jioni, taa za kijani, nikafunga ofisi.

Miradi yetu yote, GB 840, iko kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva na kupachikwa, yaani yaliyomo yanaonekana, kwenye folda ya /mnt/miradi. Kwenye faili la fstab, linaloiambia seva ipachike diski zipi inapowaka, nilikuwa nimeandika nofail, ili diski ikichelewa, seva isigome kuwaka. Uamuzi wa busara, na bado nautetea. Siku ile diski ilichelewa. Seva ikawaka bila hiyo, kama nilivyoagiza, na folda ya /mnt/miradi ikabaki pale, tupu, kama sahani iliyopangwa mezani siku ambayo hakuna aliyepika.

Usiku rsync ikaamka. Kazi yake ni kuifanya mashine ya akiba, iliyoko chumba cha pili, ifanane na /mnt/miradi, na niliiwekea --delete ili kisichokuwepo huku kifutwe na kule. Ikaangalia huku, haikuona faili hata moja. Ikaenda kule ikafuta kila kitu, kwa utii kabisa. Haikukosea popote. Kwenye logi iliandika sifuri, yaani imemaliza salama.

Asubuhi nilianza na mashine ya akiba, kwa bahati tu. Folda tupu. Nikasema sawa, nakala imepotea, ya asili ipo. Nikaingia kwenye seva. Folda tupu. Nakumbuka feni ya seva ilivyokuwa ikilia na dada wa mapokezi akipanga vikombe. Nikatoka nje nikasimama chini ya mwarobaini, nikahesabu: Nzuguni, Mtumba, Kondoa, Manyoni, miaka sita ya watu kutembea juani. Nikarudi ndani kwa sababu hakuna pengine pa kwenda, nikaandika lsblk, amri inayoorodhesha diski. Diski ilikuwepo kwenye orodha. Haikuwa imepachikwa tu. Nikaandika mount, na miradi yote ikarudi kwa kufumba na kufumbua.

Hofu haikuishia hapo. Sasa nilikuwa na nakala moja tu duniani, kwenye diski iliyotikiswa na umeme mara tatu jana. Swichi yetu ya mtandao ilikuwa ya zamani, ya megabiti 100, inayopitisha kama MB 11 kwa sekunde, hivyo kuirudisha nakala kulichukua masaa ishirini na moja. Nililala ofisini juu ya magunia ya vigingi. Umeme haukukatika.

Bosi alikuja saa mbili asubuhi ya pili akanikuta na macho mekundu. Kabla sijafungua mdomo akanisaidia: "Vipi, mtandao?"

"Hapana bosi. Ni mimi."

Nikamweleza yote, mpaka ile nofail. Alisikiliza amesimama. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya mchana, usiku mashine inakwenda kukifuta na kule?" Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na jibu lilikuwa ndiyo. Miaka yote nilikuwa naiita nakala ya akiba, kumbe ni kioo: ukijikata uso, na kwenye kioo nako umekatika. Siku hizi kila usiku una folda yake yenye tarehe, kwa chaguo la --link-dest. Faili ambalo halijabadilika halichukui nafasi ya pili, linaunganishwa na la jana, kwa hiyo siku thelathini zinakaa kwenye diski moja bila kusongamana. Nimeweka pia --max-delete, kwamba ikishafuta mafaili 200 isifute zaidi, iniite. Na skripti, lile faili la amri zinazoendesha kazi ya usiku, sasa kabla ya chochote inauliza kama diski imepachikwa.

Juu ya hayo niliiba wazo la Syncthing, ambayo inaweka alama ndogo ndani ya folda, iitwayo .stfolder, na isipoiona inakataa kusinki. Nikaunda faili tupu ndani ya diski ya miradi, nikaliita NIPO. Skripti ikilikuta, inaendelea. Isipolikuta, inanitumia ujumbe na kulala.

Ilipita kama miezi mitano. Jumatatu moja alfajiri nikaamshwa na simu: "NIPO haipo. Sijafanya kitu." Sikunawa uso. Nilifika Area C barabara bado hazina bodaboda, nikakimbilia lsblk: diski ipo. Imepachikwa. Miradi yote ipo, hata ya jana. Kisichokuwepo ni NIPO peke yake. Nikauliza kila aliyeingia ofisini mpaka saa tatu, wakati bosi alipofika.

"Lile faili tupu?" akasema. "Ijumaa nilikuwa nasafisha safisha folda. Nikalifungua, halina hata herufi moja ndani, nikalifuta. Lilikuwa la nini?"

Nikamwambia la nini. Akaweka funguo zake mezani taratibu.

"Sasa si ungeandika hata neno moja?"

Nikaliunda upya, na safari hii nikaliandika ndani: Bosi, usinifute.